Tonge Lisilo na Shimo

Siku wanawake walipoinuka wote kwenye sinia na kumwacha mama yangu mdogo Asnath peke yake, ugali ulikuwa bado unatoa moshi. Walikuwa matangani, nyumbani kwa fundi cherehani aliyefariki, mtaa wa nyuma ya stesheni ya Manyoni. Hakuna aliyetamka sababu. Mmoja alikumbuka kuni, mwingine akakumbuka mtoto, na Felista, wifi yake Asnath, dada wa mumewe, akasema ameshiba ilhali tonge lake la kwanza lilikuwa bado kinywani.

Kosa la Asnath lilikuwa mkono wa kushoto. Alikuwa ameufinyanga ugali kwa mkono wa kulia kama kila mtu, akajaribu kulitoboa tonge kwa dole gumba ili lishike mlenda, dole likagoma. Akajaribu tena. Mlenda ukateleza, ukachirizika hadi kwenye sinia, upande wa wenzake. Ndipo, kwa aibu na kwa njaa ya kushinda kwenye maombolezo, akalibonyeza lile tonge kwa kidole cha kushoto. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake chooni, na hakuna msiba wala njaa inayouruhusu kuingia kwenye sinia la watu.

Lakini kushoto kulikuwa kisingizio tu. Kwa muda mrefu kabla ya siku hiyo watu walikuwa wakiutazama ule wa kulia.

Tazama kiganja chako. Chini ya dole gumba kuna kilima cha nyama. Kilima hicho ni misuli midogo mitatu iliyolaliana. Mmoja hulinyanyua dole kutoka kwenye kiganja, mwingine hulikunja, na wa tatu, uliojificha chini yao, mdogo kama kipande cha nyama unachotafuna mara moja ukameza, umeshika mfupa mmoja wa kifundo cha mkono na ule mkanda mgumu unaopita hapo, kisha umekwenda kujibandika ubavuni mwa mfupa wa kwanza wa dole gumba. Ukijikaza, huuzungusha mfupa huo, na dole gumba hugeuka kutazamana na vidole vingine uso kwa uso. Ng'ombe hana msuli huo. Mbwa hana. Kwa msuli huo mtu hufunga kifungo, hutunga uzi kwenye sindano, huchambua mchele, na hutoboa tonge.

Msuli huo hupokea amri zake kupitia mshipa wa fahamu mwembamba kama uzi wa kushonea. Uzi huo hutoka kwenye mshipa mkubwa unaopita chini ya ule mkanda wa kifundo, kisha hugeuka na kupanda kilimani, karibu sana na ngozi. Ukikatwa, ngozi ya kiganja huendelea kuhisi moto na baridi kama kawaida, kwa maana hisia zina njia yake nyingine. Kinachokufa ni msuli tu. Unanyauka, kilima kinageuka bonde, na dole gumba linalala ubavuni mwa kiganja, limetazama pembeni kama mtoto aliyenuna. Mwanafunzi wa utabibu huonywa mapema kabisa: hapo usipitishe kisu ovyo.

Gervas hakuwahi kuwa mwanafunzi wa utabibu. Alikuwa karani wa ghala la ushirika mpaka ushirika ulipokufa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kuleta sabuni kutoka nje, ruksa kila mwenye meza kuitwa mfanyabiashara. Sina ugomvi na sabuni. Nakumbuka tulivyofulia majivu, na sitaki kurudi huko. Lakini ruksa ilipofika kwenye mwili wa binadamu, ilipaswa kugonga mlango na kusubiri, na haikusubiri. Gervas alifungua duka la dawa baridi, akaruhusiwa kuuza vidonge vya kichwa na dawa ya kikohozi, na kabla mvua ya kwanza haijanyesha alikuwa ametundika khanga nyuma ya kaunta, na nyuma ya khanga ile alikuwa akichoma sindano na kupasua. Alivaa koti jeupe la mitumba ambalo mfukoni lilitariziwa jina la mtu mwingine, wa nchi nyingine, ambaye huenda kweli alikuwa daktari. Kisu chake kilikaa kwenye bilauri ya maji yaliyotiwa dawa ya kunukia, na maji hayo yalibadilishwa yalipoanza kuonekana mekundu. Alipopasua aliiacha khanga wazi, ili waliokaa kwenye benchi waone. Na wao, aibu iliyoje, walinyoosha shingo wakaona.

Asnath hakuwa mtu wa benchi lile. Alikuwa mtu wa kazi. Alizaliwa Ikungi, Mnyaturu wa watu wa uwele na ng'ombe, akaolewa Manyoni na Antipasi, Mgogo aliyefanya kazi kwenye genge la reli, wale wanaokaza vyuma na kubadilisha mataruma juani. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, Antipasi alipunguzwa. Tangu hapo alikaa barazani akizisikiliza treni zikipita bila yeye. Asnath hakukaa. Alijenga kibanda cha mabanzi karibu na stesheni, akawa anapikia wapakia mizigo, madereva na wachuuzi wa vitunguu: ugali, maharage, na mlenda wa karanga uliowafanya watu wazima walambe kiganja hadharani. Kibanda kile kilimlisha Antipasi, kikamsomesha binti yao Jenipher, na Felista naye, aliyeishi ua uleule, hakuwahi kukosa sahani. Kwa hiyo swali la nani atakula chakula cha mkono wa Asnath halikuwa swali la adabu tu. Nyumba nzima ilisimama juu yake.

Mwiba ulimchoma akitafuta kuni porini. Uliingia kwenye kile kilima chini ya dole gumba, ukavunjikia ndani, pakaiva usaha. Alitaka kwenda hospitali. Lakini njia ya hospitali ilipita mbele ya duka la Gervas.

"Mama Jeni, njoo nione huo mkono," Gervas aliita. "Hee! Hili limeiva. Ukienda hospitali utakaa foleni mpaka treni mbili zipite, na wateja wako watahamia kwa Lea."

"Unajua pa kukata?" Asnath aliuliza.

"Jipu ni jipu, mama. Embe likiiva unauliza pa kumenyea?"

Benchi lilicheka. Asnath akakaa. Gervas akakata kwa kina, kuanzia katikati ya kilima kushuka kuelekea kifundo, pale hasa ambapo ule uzi hugeuka na kupanda. Usaha ulitoka, benchi likapiga makofi. Kidonda kilipona vizuri, na Asnath mwenyewe alimsifia Gervas kwa wateja.

Kisha kilima kikaanza kushuka. Kwanza alidhani amekonda. Halafu vifungo vikamshinda, halafu sindano ikamshinda. Aliporudi dukani kuuliza, Gervas aliukodolea mkono macho, na nina hakika kwamba hapo ndipo alipoogopa. Akasema ni damu chafu, akampa vidonge vyekundu. Asnath alipotoka, watu wa benchi waliuliza: mama wa kibandani ana nini?

Hapo ndipo ninaposhindwa kumsamehe mpaka leo. Mtu anaweza kukosea. Mtu anaweza hata kukosea kwa kiburi, akajuta. Gervas aliwageukia akashusha sauti, kama wafanyavyo wanaotaka wasikike mbali.

Lea, mpishi wa kibanda jirani, alikuwa pale na mtoto wake, na kesho yake alimwambia Asnath bila kumficha. "Kasema ni ukoma. Kasema aliuona mapema, akanyamaza kwa kukuheshimu."

Ukoma! Kwetu neno hilo halihitaji ushahidi. Mkono ulionyauka, dole gumba lililolala, basi. Wapakia mizigo walianza kupita mbali na kibanda. Mmoja wao, Filipo, mtu wa maneno mengi ambaye alikuwa akila pale tangu kibanda hakijaezekwa, aliitwa na Asnath mwenyewe.

"Filipo, mbona unapita kama polisi?"

"Mama, leo nimefunga."

"Wewe? Mlutheri unafunga mwezi wa saba?"

"Naombea nchi, mama. Hali ni mbaya." Na akaenda kula kwa Lea, nyuma ya gogo, ili asionekane.

Yakaja matanga, na sinia lililoachwa. Jioni ile Felista aliingia jikoni na bakuli la bati lililobabuka rangi, lililokuwa la kunyweshea kuku.

"Wifi, hili litakuwa lako peke yako," alisema. "Si kwa ubaya. Ni kwa ajili ya watoto."

"Umelisugua?" Asnath aliuliza.

"Nimelisuuza."

Antipasi alikuwa mlangoni. Aliitazama miguu yake mwenyewe. Mwanamume aliyebeba mataruma ya reli begani hakuweza kubeba neno moja.

Wiki ile ndiyo niliyofika likizo kutoka chuo cha matabibu. Niliusalimu mkono wake kabla ya kumsalimu mwenyewe, nasema kweli, kwa sababu aliponinyooshea niliona bonde pale palipopasa kuwa na kilima, na kovu limepita katikati. Nilimwambia, dole hili halijaliwa na ugonjwa, limekatwa. Hakubisha, hakukubali. Alisema, "Peniel mwanangu, wewe ni mtoto wa dada yangu. Nani atakuamini wewe juu yangu?"

Tukapanda treni kwenda kwenye hospitali yenye kliniki ya ukoma. Muuguzi wake, mzee Urbano, alikuwa mtu asiye na haraka. Alimfunga Asnath macho kwa kitambaa, akamgusagusa kiganja, vidole na mikono kwa ncha ya pamba, na kila alipoguswa Asnath alionyesha mahali penyewe bila kukosea. Akampapasa mishipa ya kiwiko na ya shingo, haikuwa imevimba. Akamkagua ngozi yote, hapakuwa na baka. Kisha akampa ufunguo aushike. Asnath aliubana kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, akaushika imara.

"Unaona?" Urbano aliniambia. "Msuli wa kubana una mshipa wake mwingine, unaopita upande wa kidole kidogo. Huo uko salama. Kilichokufa ni hiki kilima tu." Akamfungua macho. "Mama, huna ukoma. Ulikatwa uzi. Ungekuja mapema labda wangejaribu kuuunga huko mjini. Sasa msuli umeshakufa."

"Kwa hiyo dole halitarudi."

"Halitarudi."

Asnath alilisugua lile bonde. "Na wale wenye ukoma kweli," aliuliza, "wanakula na nani?"

"Wakishaanza dawa hawaambukizi mtu. Wanapaswa kula na kila mtu."

"Wanapaswa," Asnath alirudia.

Tulirudi Manyoni na ukweli, na ukweli haukumshughulisha mtu. Felista alisema hospitali huwa zinamficha mgonjwa asijinyonge. Filipo aliendelea kuombea nchi. Nilitaka twende polisi siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeshapanga hotuba nzima kichwani, yenye maneno kama haki na utu. Asnath alikuwa akichambua majani ya mlenda kwa mkono wa kushoto, polepole.

"Nikimfunga Gervas," alisema, "watu watasema mwenye ukoma kamfunga daktari wao. Wateja wake ndio wateja wangu, Peniel. Mimi sitaki afungwe. Nataka waje kula kwangu."

Asubuhi ya siku ya gulio, benchi la Gervas likiwa limejaa, Asnath alifunga ugali wa moto kwenye hotpoti, akajaza bakuli la mlenda, akanipa birika na beseni la kunawia. Tukaingia dukani. Klara, muuza vitunguu, alikuwa amekaa na mwanawe ambaye alikuwa amepasuliwa jipu la kwapa na Gervas siku chache baada ya Asnath. Filipo alikuwa mlangoni, ameegemea nguzo, akisubiri sindano ya maumivu ya mgongo.

"Habari za kazi, daktari," Asnath alisema.

"Nzuri, Mama Jeni. Lakini wewe nilishakwambia uende hospitali."

"Nimetoka huko. Leo nimekuletea chakula. Ni shukrani ya kunipasua."

"Nimeshakula."

"Unasema nina ukoma, ndiyo maana?"

Gervas alitazama benchi. "Mimi? Mimi natunza siri za wagonjwa."

"Siri zako, daktari," Filipo alisema mlangoni, "tunazisikia mpaka stesheni."

Watu walicheka kidogo. Asnath hakucheka. Aliweka bakuli juu ya kaunta, kati ya chupa za dawa ya kikohozi. "Walisema uliuona mapema. Ni kweli uliuona?"

Angekana hapo, yangeisha. Lakini benchi lilikuwa likimtazama, na kiburi cha koti lile kilikuwa kikubwa kuliko akili ya aliyelivaa. "Daktari huona," alisema.

"Uliuona siku ileile uliyonipasua?"

"Siku ileile."

"Sawa." Asnath alinyoosha mkono wake wenye bonde kuelekea kwenye ile bilauri. "Ulinipasua kwa kisu kile. Wote hapa wanakijua, huwa huifungi khanga. Ukajua nina ukoma. Kisha ukampasua mtoto wa Klara. Kwa kisu gani?"

Nililiona wazo lile likitembea kwenye benchi kutoka uso mmoja hadi mwingine, kila mtu akikumbuka jipu lake. Nilifurahi, kisha nikaona haya kufurahi, kwa sababu kilichokuwa kikifanya kazi mle si ukweli wa mzee Urbano bali ni ile hofu mbovu ileile, imegeuzwa tu upande wa pili. Kisu kichafu kina maovu yake ya kweli mengi, na hayo hakuna aliyewahi kuyaogopa. Klara alisimama, amemshika mtoto begani.

"Gervas," alisema, na neno daktari halikuwemo tena. "Kwa kisu gani?"

"Tulieni. Hapa hakuna ukoma."

"Sauti haijafika huku," Filipo alisema.

"Nasema mama huyu hana ukoma! Hana! Hajawahi kuwa nao!"

"Basi nawa," Asnath alimwambia.

Nikasogeza beseni, nikainamisha birika. Kwetu ukishamiminiwa maji mikononi huwezi tena kusema umeshiba. Gervas alinawa. Asnath alinawa pia, akafunua hotpoti, wakala chakula kimoja juu ya kaunta, mbele ya benchi zima. Gervas alimega, akafinyanga, akatoboa tonge vizuri kabisa. Dole gumba lake lilikuwa zima. Asnath alilisawazisha tonge lake likawa bapa, akalikunja kati ya dole na ubavu wa shahada, akachovya, na mlenda ukamchirizika mpaka kifundoni. Matone yakaangukia upande wa Gervas. Jasho lilimtoka chini ya lile koti la mtu mwingine, akameza.

"Chovya vizuri, daktari," Filipo alisema. "Huo mlenda una karanga."

Kabla bakuli halijaisha Filipo alikuwa ameshanawa kwa maji yangu bila kukaribishwa, na Klara akaonja kwa ncha ya kidole. Mchana ule kibanda cha Asnath kilijaa mpaka watu wakala wamesimama.

Nami nilisubiri. Nilisubiri mtu mmoja, mmoja tu, aulize lile swali lililokuwa limelala juu ya kaunta pamoja na bakuli: kama si ukoma, basi mkono huu uliharibiwa na nini? Hakuna aliyeuliza. Nikaliuliza mimi mwenyewe, kwa sauti, nikisimama katikati ya kibanda. Klara alinitazama kwa huruma kama mtu atazamavyo mlevi.

"Mwanangu, mama yako amesafishwa jina. Yaishe."

Yaishe! Kana kwamba jina ndilo lililokatwa. Wale watu waliikataa pamba ya Urbano, wakaupokea mdomo wa Gervas. Yeye alimtia uchafu, na ni yeye waliyemngoja autoe. Na alipoutoa, wakamshukuru. Nilitema mate nje ya kibanda, na Asnath akanikemea kwa sababu watu walikuwa wanakula.

Kabla likizo yangu haijaisha kulikuwa na msiba mwingine mtaani, na nilipita uani wakati sinia la wanawake lilipotengwa. Felista alimwona Asnath amesimama pembeni, akajisogeza, akapigapiga mkeka. "Wifi, kaa hapa. Unasimama kama mgeni?"

Asnath alikaa. Alimega, akasawazisha tonge lake lisilo na shimo, akachovya, na mlenda ukadondoka katikati ya sinia, mahali ambapo kila mmoja aliuona. Mikono ilisita. Felista akamega palepale penye tone, akala, na mikono mingine ikafuata. Asnath aliendelea kula bila kuinua macho. Alikuwa amepata alichokitaka, na sikuwa na haki ya kumnyang'anya kwa hasira zangu.

Lakini nilimtazama Felista. Alikuwa ameketi upande mmoja, paja moja ameliinua kidogo kutoka kwenye mkeka, akikunja uso kila alipojisogeza. Asubuhi ile alikuwa ametoka kuchomwa sindano kwa Gervas.